Chumba cha Baba Juu ya Pikapu

Nianze na gari, maana bila gari hakuna cha kusimulia. Ni pikapu ya baba, nyeupe iliyochoka kuwa nyeupe, mbele viti vitatu vya kubanana, nyuma mgongo mtupu. Baba alikuwa seremala. Miaka yote hiyo pikapu imebeba mbao, milango, vitanda vya watu na majeneza ya watu. Halafu mwaka juzi akaanza kutengeneza kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Chumba. Chumba kamili cha mbao cha kukaa juu ya mgongo wa pikapu, chenye kitanda, kabati, meza ya kukunja, dirisha kila upande na mlango nyuma. Watu wakipita karakana wanamuuliza, fundi, unahamia wapi? Anawajibu bila kuinua kichwa kwamba anahamia barabarani.

Kilikuwa cha mama. Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na tangu hapo hawezi kukaa kitako zaidi ya saa moja. Lazima alale, anyooshe mguu, ndipo aendelee. Na dada yake, mama mkubwa, yuko mbali, safari ya siku mbili. Hawajaonana miaka tisa. Mama mkubwa alipata kiharusi, siku hizi kwenye simu anaongea kama mtu mwenye maji mdomoni, na mama akikata simu anabaki ameishika tu kama vile bado kuna mtu ndani. Sasa basi gani litasimama kila saa ili abiria mmoja alale? Baba akasema, kama basi halina kitanda, sisi kitanda chetu kitapanda gari.

Chumba alikimaliza. Rangi hakuimaliza. Alifariki brashi ikiwa imefika nusu ya ukuta wa kulia, na mpaka leo mstari upo pale pale mkono wake uliposhuka.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Mtu akiniuliza nafanya nini nasema nasubiri, utadhani ni ajira. Nilikuwa nazunguka karakana, nafagia vumbi ambalo halipo, napanga patasi kwa ukubwa, kesho nazipangua. Ikafika Jumatano moja binamu akapiga simu, akasema mama mkubwa amelazwa tena, na daktari amesema wenye kuja waje. Mama hakulia. Alisema tunaondoka Jumamosi, na tunakwenda na chumba.

Dereva alikuwa tayari. Baba mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja, dereva wa malori miaka thelathini, wenzake wanamwita Gia. Mtu mnene, mcheshi, mwenye jibu kabla hujauliza. Alikuja jioni ile ile akalizunguka gari, akapiga teke tairi moja, akasema limepona. Nikamuuliza kama tumejua uzito. Akanitazama kama nimemuuliza jina la mama yake.

"Profesa," akasema, "gari ya tani moja ni tani moja. Chumba cha mbao kitafika tani moja? Kwani baba yako alijenga kwa zege?"

Mimi nilikuwa nimeshasoma kile kibati kilichogongomelewa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, unakiona ukifungua mlango. Kinasema gari pamoja na kila kilicho juu yake lisizidi kilo elfu tatu na kumi. Hiyo tani moja ni maneno ya kwenye biashara, gari likiwa jipya halina hata redio. Hili letu baba aliliongezea bampa la chuma na sanduku la vifaa chini. Nikasema uzito linaoweza kubeba si ule wa kuambiwa, ni kibati ukitoa gari lenyewe lilivyo leo. Baba mdogo akasema shule imeniharibu. Lakini alikubali tukapime, anyamazishe domo langu.

Kulikuwa na ghala la nafaka si mbali, lina mizani ya kupimia malori, ile ya kupanda na gari zima. Anayekaa pale ni mama mmoja wa makamo, miwani kwenye kamba, kila mtu anamwita Mama Mizani. Alhamisi asubuhi tulikwenda na pikapu tupu, tangi la mafuta limejaa, sisi wenyewe tumeshuka. Kilo elfu mbili na thelathini. Kwa hiyo inaruhusiwa kubeba mia tisa na themanini, watu wakiwemo. Tukarudi nyumbani. Chumba kilikuwa kimekaa juu ya jeki nne ndefu, unarudisha gari kinyumenyume chini yake, halafu unakishusha taratibu pembe kwa pembe. Baba mdogo alirudisha gari mara moja tu, bila kugusa popote, na nafasi iliyobaki kila upande ilikuwa ya vidole viwili. Hapo sina cha kumtania. Tukaenda mizani tena.

Mama Mizani akatoka kibandani, akavaa miwani, akaangalia madirisha na mapazia.

"Mnahama au mnahamishwa?" akauliza.

Karatasi aliyotukabidhi ilisema elfu mbili mia saba na sabini. Nikatoa. Chumba ni kilo mia saba na arobaini.

Nikatoa tena, maana kwenye daftari la baba chumba kilikuwa mia tano na tisini. Baba alikuwa na daftari la jalada gumu, amepima kila kipande kabla ya kukifunga, mpaka gundi, mpaka skrubu. Baba ambaye akikata ubao vipande viwili unaviweka pamoja huoni mwanga katikati. Huyo akosee kilo mia na hamsini?

Baba mdogo akasema mizani mbovu. Mama Mizani akamwambia mizani yake ilikaguliwa mwezi uliopita, na madereva wote duniani wana ugonjwa mmoja, uzito ukiwazidi, kinachougua ni mizani.

Nikafanya hesabu nyuma ya ile karatasi. Chumba mia saba na arobaini. Baba mdogo tisini na mbili, mama sabini, mimi sitini na moja. Maji lita sitini, ni kilo sitini. Mtungi wa gesi na jiko kumi na tano. Godoro, nguo, vyombo na chakula, hamsini. Jumla elfu moja na themanini na nane. Tumezidi kilo mia na nane. Kwa zile za daftari tungebakiwa na nafasi ya arobaini na mbili. Yaani baba alipanga vizuri. Ila vitu vyenyewe havikuwa vile alivyoandika.

Njiani kurudi baba mdogo alisema anamjua mtu wa kuongeza springi, nyuma itanyanyuka, hakuna atakayejua. Nikamwambia springi itanyanyua mkia tu. Breki ni zile zile, ekseli ile ile, tairi zile zile. Na barabara ya kwa mama mkubwa ina ule mteremko wa kilomita kumi na moja. Nilidhani atanitania. Alinyamaza mpaka nyumbani, na Gia akinyamaza ujue ameona kitu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwenye mteremko ule aliwahi kupita nyuma ya lori la mwenzake linatoa moshi kwenye magurudumu. Hakuwahi kutusimulia lilivyoishia.

Tulipofika aliingia karakana, akatoka na msumeno wa baba. Akasema kabati ndilo tatizo, kubwa, la mbao ngumu, litoke tumalize. Alikuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya chumba. Kabati lenyewe baba alilifunga kwa gundi na ukuta, vinashikana kama mtu na mgongo wake. Ukilikata, ukuta wote unalegea.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mkongojo wake. Hakupaza sauti.

"Shemeji, huo msumeno urudishe ulipoutoa."

Akaurudisha. Akaukalisha kwenye msumari wake taratibu, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Basi mimi nikachukua daftari nikakaa chini mle karakana, sakafuni. Nilitaka kuijua hiyo mia na hamsini imetoka wapi, kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia baba, niseme ukweli. Unakufa unatuachia hesabu mbovu.

Jinsi alivyokuwa anapima naijua, nilimwona. Tulikuwa na mizani ndogo ya nyumbani, ya kusimama mtu, yenye mshale. Ubao mrefu hauwezi kuulaza juu yake. Kwa hiyo anaukumbatia, anapanda nao, anasoma mshale, halafu anatoa uzito wake mwenyewe, kinachobaki ni ubao. Ndani ya jalada, juu kabisa, ameandika: Mimi 78. Chini yake mistari kumi na sita, kila mmoja na tarehe. Ngazi, 90 toa 78, ni 12. Inaendelea hivyo hivyo mpaka mstari wa mwisho. Kitanda, 87 toa 78, ni 9.

Tisa? Kile kitanda? Kile ni ubao mzima wa mti mgumu wenye fremu, unalala juu ya vishikizo na unatoka. Juzi yake nilikiinua kufagia chini nikaumia kiuno. Nikaenda nikakitoa, nikakiburuta mpaka kwenye mizani. Kwanza nikajipima mwenyewe, sitini na moja, mimi ni mwembamba kama msumari. Halafu nikakikumbatia kitanda nikapanda nacho, shavu langu limegusa mbao, nikachungulia chini pembeni.

Mshale ulikuwa kwenye themanini na saba.

Nikashuka. Nikapanda tena. Themanini na saba, ile ile ya daftari. Mizani haikukosea, na baba alisoma sawasawa. Ila mimi nilitoa sitini na moja nikapata kitanda cha kilo ishirini na sita, na yeye alitoa sabini na nane.

Nilikaa pale. Kuna kitu kichwa changu kilikuwa kimeshakielewa, miguu bado. Nikainuka nikafungua bawaba za mlango, nikaupima, halafu meza ya kukunja, halafu ngazi, yaani vile vyote vinavyotoka. Ngazi, kitu cha kwanza kabisa alichotengeneza, ilikuwa kumi na mbili kamili, kama alivyoandika. Mlango, miezi minne baadaye, kwenye daftari umepungua kilo sita. Meza, kumi na mbili. Kitanda, kumi na saba. Nikaziandika pembeni kwa penseli. Baba sabini na nane. Baba sabini na mbili. Baba sitini na sita. Baba sitini na moja.

Tulijua anaumwa mwezi mmoja kabla hajafariki. Mwezi mmoja tu. Alituambia ni tumbo, limeanza juzi. Na mimi nipo humu humu ndani, nakula naye sahani moja, namwona anavaa koti kazini jua linawaka, namwambia baba unazeeka, na yeye anacheka. Kilo kumi na saba zilitoka mbele ya macho yangu, na zilikuwa zimeandikwa, na hakuna aliyezisoma.

Sikutaka kumwambia mama. Lakini alikuja mwenyewe kuuliza kwa nini chumba hakina mlango, akaniona nimekaa na daftari, akasema lete. Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikarudia. Baba mdogo alikuwa ameingia akasimama nyuma yake. Mama alipitisha kidole kwenye ile mistari kumi na sita, polepole, kama anayepapasa mshono.

"Siku ya kitanda alikuwa na ngapi?"

"Sitini na moja, mama."

"Mimi aliniambia sabini na nne. Nilimuuliza, nikaulizia na mkanda, mbona umetoboa matundu mapya. Akasema mkanda umelegea."

Baba mdogo akasema kaka yake hakuwa mtu wa kusahau, ilikuwaje asijipime tena? Kujipima ni kupanda tu, sekunde mbili. Mama alifunga daftari.

"Hakusahau," akasema. "Hakutaka kupanda pale mikono mitupu."

Halafu akanitazama mimi, kuanzia miguuni mpaka kichwani, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kutazamwa. Akasema, kwa hiyo alikuwa kama wewe hivi. Nikasema ndiyo. Akasema sawa, akatoka, mkongojo wake ukagonga sakafu mpaka jikoni.

Ijumaa asubuhi tulikaa mezani watu watatu na hesabu moja. Mama alisema neno moja tu, kwamba kwenye chumba hakitoki kitu. Hata kile kitanda kilichoandikwa kilo tisa, hasa hicho. Kama hakiwezi kwenda kizima hatakwenda, na dada yake ataelewa. Alisema ataelewa, lakini mkono wake ulikuwa juu ya simu.

Nikasema nishuke mimi, nipande basi. Safari hii nilikuwa naingoja kuliko mtu yeyote, nilikuwa tayari kwenda hata kwenye boneti, lakini nikasema. Mama akauliza, na nani atanipandisha ngazi? Nani atanishika kiuno kila saa nikilala na nikiamka, na kwenda chooni? Hakumtazama baba mdogo na baba mdogo hakumtazama yeye. Shemeji ni shemeji. Kuna kushikana mkono na kuna kushikana kiuno.

Maji tungepunguza, ndiyo, lakini maji peke yake hayatoshi. Baba mdogo alikuwa anazungusha funguo za gari kwenye kidole, kama kawaida yake, zinalia. Halafu zikaacha kulia. Akaniuliza leseni yangu ina muda gani. Nikasema miezi mitano. Akaniuliza pikapu nimeiendesha na mzigo mara ngapi. Nikasema mara nyingi, mbao za baba nilikuwa nazifuata mimi, tangu alipoanza kusema amechoka. Akaweka funguo mezani, akazisukuma mpaka kwangu.

"Mimi ni tisini na mbili," akasema. "Na kumi kati ya hizo ni kiburi. Nitapanda basi."

Mama akaanza kusema shemeji, miaka thelathini barabarani. Akamkata kwa upole, akasema hiyo miaka thelathini ndiyo inayomwambia ashuke. Angetangulia usiku huo huo, ashukie mji mdogo ulio juu ya mteremko, atungoje pale. Tukifika ataziangalia breki na kugusa magurudumu kama yana moto, atanikalisha nipumzike, ndipo niteremke polepole na gia ya pili mwanzo mpaka mwisho. Yeye atatufuata na basi. Nikamuuliza kama anaona nitaweza. Alijibu kwamba angeona sitaweza angekuwa ameshaficha funguo, na kwamba nikimgonga mbuzi wa mtu nisitaje jina lake.

Siku nzima tulipakia kama wagonjwa wanaopimiwa dawa. Maji lita thelathini, mengine tutajaza njiani. Mama alitoa sufuria mbili, akarudisha moja. Nilirudisha mlango kwenye bawaba zake, na kitanda kwenye vishikizo vyake, peke yangu, na hakikuniumiza kiuno safari hii, sijui kwa nini.

Jumamosi alfajiri kabla ya barabara kuu tulipita kwanza ghalani. Mama Mizani alikuwa ndiyo anafungua. Nilimwomba atupime tukiwa ndani, mimi na mama, kila kitu juu. Hakututania. Aliangalia ule ukuta wenye rangi nusu, akaingia kibandani, akakaa kidogo, akatoka na karatasi akampa mama dirishani. Elfu tatu kamili. Kibati kinasema elfu tatu na kumi. Mama aliikunja mara mbili akaiweka ndani ya daftari, kwenye ule ukurasa.

Gari lenye mzigo wa haki linajulikana, usukani hauelei. Nilikwenda polepole, watu wakatupita wakipiga honi, sikuwajali. Baada ya saa moja kasoro niliona mahali papana penye kivuli, nikaegesha. Nikaweka ngazi ile ya kilo kumi na mbili, nikamshika mama kiuno, tukapanda hatua moja, tukapumzika, hatua ya pili. Nikamlaza, nikanyoosha mguu wake kama nilivyofundishwa hospitalini.

Nilitaka kumuuliza kama yuko sawa. Alikuwa amefumba macho, na mkono wake umeshuka pembeni ya godoro mpaka kwenye fremu ya kitanda, anagonga mbao kwa kifundo cha kidole, mara moja hapa, mara moja pale. Baba alikuwa anafanya hivyo kila akimaliza kazi, anasikiliza kama maungio yameshika.

"Yameshika," mama akasema.

Nikashuka nikaenda kugusa magurudumu. Yalikuwa ya baridi.